Kujifunza Mtindo wa Mhuishaji Mwingine: Fisi na Sungura kati ya Kilosa na Mikumi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu swali ambalo kila mwalimu wa sanaa hukutana nalo: je, mwanafunzi anayetaka kuimarisha kazi yake ajifunze vipi kutokana na kazi ya msanii aliyemtangulia bila kugeuka kivuli chake? Sanaa tunayoichunguza ni uhuishaji, yaani sanaa ya kupanga picha tuli zifuatane kwa kasi hata jicho lione mwendo. Katika filamu, sekunde moja ina fremu 24. Mhuishaji ndiye anayeamua kila fremu ibebe nini.

Msomaji anaweza kuuliza mada hii inaingiaje katika taaluma ya Kiswahili. Jibu letu ni kwamba sehemu kubwa ya katuni zinazotazamwa na watoto wa Afrika Mashariki ni hurafa, ngano za wanyama wenye tabia za watu. Mhuishaji, kwa hiyo, ni fanani. Yeye hufanya kwa mkono kazi ambayo mtambaji huifanya kwa sauti, uso na kiwiliwili. Tangu kipindi cha Ubongo Kids kilipoanza kurushwa kutoka Dar es Salaam mwaka 2014, hapana shaka tena kwamba katuni za Kiswahili zinaweza kutengenezwa nchini na zikapata hadhira. Mtafiti wa fasihi simulizi akiuachia uwanja huu wachoraji peke yao, atakuja kukuta ngano alizozikusanya kwa taabu zimevaa mwili asioutambua.

Tunadai kwamba mtindo haumo katika sura ya mchoro. Mtindo ni jumla ya maamuzi. Kwa hiyo kujifunza mtindo wa mwingine ni kuyafukua maamuzi yake, kisha kuyapima upya kwa mizani mbili: mnyama mwenyewe na ngano yenyewe. Ili kulidhihirisha dai hili tutatumia eneo moja lenye mizani zote mbili, yaani Kilosa na Mikumi, na jozi moja ya wahusika, yaani Fisi na Sungura.

2.0 Uigaji kama Shule

2.1 Mfano wa Tingatinga

Kuiga si aibu katika sanaa zetu. Mshairi chipukizi hujifunza bahari kwa kutunga katika vina na mizani alivyovikuta kwa malenga. Katika uchoraji, mfano ulio karibu nasi ni ule wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Alitumia rangi za mafuta zenye kung'aa juu ya vipande vya ubao laini vya mraba. Alipofariki mwaka 1972 alikuwa amechora kwa miaka minne tu, lakini alikuwa amewafundisha jamaa zake wachache, miongoni mwao Simon Mpata, January Linda, Casper Tedo na Ajaba Abdallah Mtalia. Hao walifundisha wengine, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika wa wachoraji unaobeba jina lake.

Waliofuata walianza kwa kunakili: mnyama mmoja anayejaza ubao, usuli usio na kina, mstari wa nje ulio wazi, madoa juu ya ngozi. Hata hivyo, baada ya muda mikono ilitofautiana. Baadhi yao waliongeza wanyama hadi ubao ukajaa, na wengine walipunguza rangi. Aliyefahamu kwa nini mwalimu aliacha usuli mtupu, yaani ili mnyama asimame mbele ya macho bila mshindani, aliweza kuujaza usuli huo kwa sababu yake mwenyewe. Aliyenakili bila kuuliza alibaki na utupu usio na maana.

2.2 Mfano wa Richard Williams

Katika uhuishaji wenyewe, mfano unaofundisha zaidi ni wa Richard Williams, Mkanada aliyefanya kazi London. Filamu yake ya kwanza, The Little Island ya mwaka 1958, ilimpatia sifa kubwa. Lakini baada ya kuitazama The Jungle Book ya Disney, iliyotoka mwaka 1967, alikiri kwamba hakuwa akiujua uhuishaji kwa undani. Akiwa bwana mwenye studio yake, alirudi kuwa mwanafunzi. Aliwaajiri wazee wa Marekani: Ken Harris, aliyehuisha kwa miaka mingi chini ya Chuck Jones, Grim Natwick, na Art Babbitt, aliyewahi kuwa Disney na ambaye mwaka 1973 alitoa mfululizo wa masomo katika studio ya Williams.

Jambo la kuzingatia ni kile alichokitafuta kwao. Hakutafuta namna ya kuchora pua ya sungura. Alitafuta mahali uzito wa mwili unapokaa katikati ya hatua, idadi ya fremu kati ya mkao mmoja na mwingine, na sababu ya mkono kuchelewa kidogo nyuma ya bega. Matunda ya masomo hayo yalionekana katika Who Framed Roger Rabbit ya mwaka 1988, na baadaye katika kitabu chake cha mafunzo cha mwaka 2001. Sura za wahusika wake hazikuwa za Harris wala za Babbitt; elimu ya mwendo ndiyo iliyokuwa yao.

2.3 Picha tuli haina mwendo wake

Mifano hii miwili ilikutana Nairobi. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, ulioasisiwa na Claudia Lloyd wa kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza na kuhuishwa katika studio ya Homeboyz, ulianza kuonyeshwa mwaka 2010 na una vipindi 52 vinavyoeleza kwa nini mnyama fulani yuko kama alivyo. Sura ya mfululizo huo, kama jina lake linavyotangaza, imetokana na shule ya Tingatinga.

Hapa pana tatizo la kinadharia ambalo mwanafunzi hana budi kulitambua. Ubao wa Tingatinga unatuonyesha tembo wa ubavuni, lakini hautuambii tembo huyo atageuka vipi, atainua mguu gani kwanza, wala atasita kwa muda gani kabla ya kusema. Kila anayeuhuisha mtindo huo analazimika kuutafutia mwendo mahali pengine. Asipoutafuta kwa makusudi, utamjia wenyewe kutoka katika katuni alizozitazama utotoni, ambazo aghalabu ni za Marekani. Sura itakuwa ya Dar es Salaam na mwendo utakuwa wa California. Ndiyo maana tunahitaji mizani.

3.0 Mizani Mbili

3.1 Mikumi: mizani ya mnyama

Mji mdogo wa Mikumi umo katika wilaya ya Kilosa. Hifadhi ya taifa yenye jina hilo, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilomita za mraba 3,230, imekatwa na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia. Ni hifadhi chache ambapo abiria wa basi huweza kumwona twiga au tembo kupitia dirishani. Lakini kuona kwa abiria si kuona kwa mhuishaji. Mhuishaji anahitaji kukaa mahali pamoja, kwa mfano katika uwanda wa Mkata, na kumtazama mnyama mmoja hadi kanuni ya mwendo wake ijitokeze.

Kanuni hizo zipo. Twiga anapotembea hupeleka mbele miguu miwili ya upande mmoja karibu kwa pamoja. Tembo, hata akienda kasi, haruki hewani. Daima walau mguu mmoja unagusa ardhi. Mwanafunzi aliyejifunza mbio kutoka katika katuni ya farasi, akampa tembo mbio hizo, amemvua tembo uzito wake.

Tuje kwa wahusika wetu. Fisi madoa ana miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma. Bega lake liko juu na mgongo huteremka kuelekea nyongani. Sungura wa porini ana umbo la kinyume: miguu yake ya nyuma ni mirefu na nyonga huinuka anapojikunja kuruka. Wachore wawili hawa wakikabiliana, utaona mistari ya migongo yao inatofautiana kabla hata hawajasema neno. Mwili wa Fisi unatangaza kifua na ukubwa. Mwili wa Sungura unatangaza mruko uliowekwa akiba. Upinzani wao umekwisha andikwa katika mifupa. Mtindo wowote utakaowafanya wote wawili wasimame wima kwa miguu miwili, kama ilivyo desturi ya katuni nyingi, unaufuta upinzani huo, na mhuishaji atapaswa kuulipia kwa njia nyingine.

Hata studio kubwa hazikuidharau mizani hii. Walipokuwa wakitayarisha Bambi, filamu ya mwaka 1942, wasanii wa Disney walichora paa hai walioletwa studioni. Kwa ajili ya The Lion King ya mwaka 1994 baadhi yao walizuru Kenya, na wengine walikwenda kuchora fisi waliokuwa wakifugwa kwa utafiti katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwanafunzi anayenakili fisi wa filamu hiyo ananakili jibu la watu waliomtazama mnyama, ilhali yeye, aliye karibu zaidi na mnyama huyo, hajamtazama.

3.2 Kilosa: mizani ya ngano

Mizani ya pili ni ngano, na hapa Kilosa ina utajiri wa pekee. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, kama jirani zao Waluguru, ni watu wanaofuata ukoo wa mama. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman alianza utafiti wake Ukaguru mwaka 1957, wakati ambapo sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa katika wilaya ya Kilosa, kabla Gairo haijawa wilaya. Mwaka 1961 alichapisha makala kuhusu Fisi na Sungura katika ngano za Wakaguru. Hoja yake kuu ni kwamba wahusika hawa wawili wamefungwa na udugu: Fisi ni mjomba, Sungura ni mpwa. Ngano zao zinabeba mvutano uliomo katika jamii ambamo mjomba ana mamlaka juu ya mtoto wa dada yake, na mpwa ndiye mrithi wa mjomba.

Hebu tulifikirie jambo hili kwa jicho la mhuishaji. Tuchukue mwanafunzi wa Kilosa aliyevutiwa na filamu za Coyote na Road Runner, zilizoanza mwaka 1949 chini ya Chuck Jones na ambazo Ken Harris alikuwa mmoja wa wahuishaji wake. Amejifunza kutoka humo mambo ya thamani: kusita kabla ya kuanguka, mshangao wa macho, mkimbio unaoanza kwa kurudi nyuma. Sasa anataka kumhuisha Sungura akimhadaa Fisi. Akiuhamisha mtindo mzima, atapata mwindaji na mwindwa. Fisi atamfukuza Sungura kwa sababu ana njaa, na Sungura atakimbia kwa sababu anaogopa kuliwa. Kichekesho kitakuwapo, lakini ngano itakuwa imekufa.

Katika ngano ya mjomba na mpwa, hila hupita ndani ya adabu. Sungura hakimbii anapomwona Fisi. Humwendea, humwamkia, huinamisha kichwa, huketi chini zaidi ya mkubwa wake. Tukiutamba mkutano huo kwa Kiswahili, neno la kwanza kinywani mwake litakuwa «Shikamoo, mjomba», na Fisi, akiwa ameridhishwa na heshima hiyo, ataitika «Marahaba» na kushusha mabega. Kichekesho kinazaliwa katika nafasi iliyopo kati ya mwili unaoheshimu na akili inayopanga. Kwa hiyo mkao mkuu wa Sungura ni ule wa kuinama, wala si wa kukimbia, na jicho lake ndilo linalotazama pembeni. Fisi naye si jambazi wa filamu. Ni mkubwa wa ukoo anayedai haki yake kupita kiasi, na ulafi wake unauma kwa sababu ni wa ndugu.

Hili ndilo linaloweza kupotea. Mtoto wa Kilosa atakayeiona ngano ya nyumbani kwao ikihuishwa kama mawindo atafurahi, bila kujua kwamba ameondolewa somo ambalo bibi yake aliliweka humo, somo juu ya mamlaka ndani ya ukoo na mipaka yake.

3.3 Sauti ya mtambaji kama kipimo cha muda

Mizani ya ngano haina maana tu; ina muda pia. Mtambaji anaposema «akaenda, akaenda, akaendaaa, hata akafika», anaupima mwendo. Vitenzi viwili vya kwanza ni vya kasi moja, cha tatu kinarefushwa, kisha unakuja mtuo. Tanakali za sauti nazo hufanya kazi kama alama za fremu: «chubwi» ni tukio la mara moja, «kwi kwi kwi» ni tukio linalorudiwa kwa vipindi sawa.

Jambo hili linaweza kupimwa. Mtafiti akimrekodi mtambaji, akakuta mtuo kabla ya Sungura kujibu unachukua sekunde moja na nusu, amepata fremu 36. Akikuta kila «akaenda» huchukua nusu sekunde, amepata hatua ya fremu 12, ambayo ndiyo kasi ya mtu anayetembea kwa mwendo wa gwaride. Hapo mwanafunzi anaweza kulinganisha: mhuishaji ninayemwiga hutoa fremu ngapi kabla ya jibu la hila? Ikiwa yeye hutoa nane na mtambaji wa Kilosa hutoa 36, tofauti hiyo si kosa la mmoja wao. Ni mitindo miwili ya kuchekesha, na mwanafunzi sasa ana hiari ya kuchagua akijua anachokichagua.

4.0 Hatua za Somo

Kutokana na mjadala huu tunapendekeza utaratibu ufuatao kwa wanafunzi wa uzamili watakaofanya kazi pamoja na wahuishaji.

(a) Chagua kipande kifupi. Sekunde tano za kazi ya mhuishaji mmoja zinatosha, maana ni fremu 120. Kipande kirefu humfanya mwanafunzi atazame hadithi badala ya kazi.

(b) Kitazame fremu kwa fremu na utenge mikao mikuu, yaani ile ambayo ikiondolewa kitendo hakieleweki. Hesabu fremu kati ya mkao na mkao. Angalia pia kama kila mchoro umedumu kwa fremu moja au mbili; ukidumu kwa mbili, sekunde ina michoro 12 tu.

(c) Andika kwa maneno sababu ya kila uamuzi: kwa nini alisita hapa, kwa nini mguu umefichwa pale. Hatua hii hurukwa na wengi, na ndiyo inayotenganisha kujifunza na kunakili.

(d) Funga kazi hiyo na uihuishe upya kwa kumbukumbu, ukitumia vitu sahili kama mpira au gunia. Usipoweza kuurudia mwendo bila sura ya mhusika, bado hujaufahamu.

(e) Nenda kwa mnyama. Mikumi inafaa, hasa alfajiri, kwa kuwa fisi na sungura ni wanyama wa usiku zaidi. Chora haraka, michoro mingi ya sekunde chache, bila kusahihisha.

(f) Nenda kwa mtambaji. Rekodi kwa ridhaa yake, pima mituo, uliza udugu wa wahusika. Swali «Sungura humwitaje Fisi?» lina thamani kuliko maswali kumi juu ya rangi ya manyoya.

(g) Ndipo urejee kwenye maamuzi uliyoyaandika katika hatua ya (c). Uamuzi uliokubalika kwa mnyama na kwa ngano uuchukue, ni elimu. Uliokataliwa na mizani zote mbili uuache. Ni saini ya mwenyewe. Uliokubaliwa na moja na kukataliwa na nyingine ndio utakaokupa kazi, na huko ndiko mtindo wako utakakozaliwa.

5.0 Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba ushauri huu ni wa anasa. Studio humwajiri kijana kwa sababu anaweza kuufuata mtindo uliopo, wala haina muda wa kumpeleka Mikumi. Dai hilo lina ukweli. Katika uhuishaji wa pamoja, mikono mingi hulazimika kuonekana mkono mmoja, na nidhamu hiyo yenyewe ni ujuzi. Lakini Williams alijifunza kwa wengine huku akiendesha studio yenye kazi za biashara, na wanafunzi wa Tingatinga walijifunza wakiwa wanauza. Aliyefahamu maamuzi ya mtindo hufuata mtindo wa studio kwa urahisi zaidi kuliko aliyekariri sura, kwa kuwa anapoletewa mhusika mpya hahitaji mfano wa kunakili.

Pingamizi la pili ni kwamba ngano haina sura moja. Sehemu nyingine za Afrika Mashariki, Sungura na Fisi ni marafiki au majirani tu. Tunakubali. Hatusemi kwamba kila Sungura awe mpwa. Tunasema kwamba mhuishaji aulize, na kwamba jibu alilopewa mahali fulani lionekane katika mwili wa mhusika aliyetoka mahali hapo.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kujifunza mtindo wa mhuishaji mwingine ni kazi ya uchambuzi kabla haijawa kazi ya mkono. Mtindo hufukuliwa katika idadi ya fremu, katika mikao mikuu na katika sababu zake, kisha hupimwa kwa mnyama na kwa ngano. Mchango wa mtaalamu wa Kiswahili uko hasa katika mizani ya pili. Yeye ndiye mwenye rekodi za watambaji, ndiye anayejua kusikiliza mtuo, na ndiye anayepaswa kumwambia mchoraji kwamba Fisi huyu ni mjomba. Watambaji wa Kilosa wanaoijua habari hiyo kwa ukamilifu wanazidi kuzeeka, wakati studio zinaongezeka. Kazi ya kuwakutanisha haifai kuahirishwa.